Kipchoge Keino: Makao Yalitangulia Shule

Siku hizi ni kawaida mwanamichezo akishapata jina na fedha kuanzisha wakfu wa kusomesha watoto. Kenya iliujua moyo huo mapema, kwa mtu aliyeng'ara wakati mbio hazikuwa na utajiri. Kipchoge Keino alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akimwacha Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia, kwa takriban mita 20, ingawa alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya nyongo. Mwaka 1972 mjini Munich akatwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Zama hizo Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa, na medali haikuja na donge la fedha. Kwa hiyo historia ya kazi yake kwa watoto haianzi na hundi. Inaanza na nyumba, na hapo ndipo penye funzo.

Keino na mkewe Phyllis, aliyesomea uuguzi, walipokea watoto yatima nyumbani kwao Eldoret na kuwalea pamoja na wanao wa kuwazaa. Shamba lao, lililoitwa Kazi Mingi, lilisaidia kuilisha familia hiyo iliyozidi kukua. Kufikia mwaka 1987 habari zilikuwa zimevuka mipaka, na jarida la Sports Illustrated la Marekani likamtaja Keino miongoni mwa wanamichezo wake bora wa mwaka kwa sababu ya huduma kwa wengine. Shule ya msingi yenye jina lake ilifunguliwa baadaye, mwaka 1999, na ya sekondari mwaka 2009. Mpangilio huu haukuwa wa bahati tu. Aliyeishi na watoto kwa miaka mingi alijua wanachokosa kabla hajajenga darasa.

Wapo watakaosema kuwa elimu ni wajibu wa serikali, na kwamba hisani ya mtu mmoja huipa kisingizio cha kukwepa. Hoja hiyo ina uzito: hakuna mwanariadha awezaye kusomesha taifa. Lakini tangu Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, imedhihirika kwamba karo ni sehemu tu ya mzigo. Yatima anahitaji pia chakula cha jioni, sare, matibabu, na mtu mzima wa kumuuliza amejifunza nini leo. Haya hayamo katika ruzuku ya shule. Wengine huhofia kwamba kazi inayotegemea jina la mtu hufa naye. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kugeuza ukarimu kuwa taasisi, yenye walimu na uongozi usioyumba mwanzilishi anapozeeka.

Mwaka 2016 mjini Rio, Keino alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa Olympic Laurel, tuzo ya kuheshimu mchango katika elimu, utamaduni, maendeleo na amani kupitia michezo. Nyota wanaoanzisha wakfu leo wana fedha ambazo yeye hakuwa nazo alipoanza. Basi na waanze alikoanzia: wamjue mtoto kwanza, ndipo wajenge shule.