796,735 (namba)

796,735 ni namba nzima witiri iliyo kati ya 796,734 na 796,736. Tanzania inaijua kama idadi ya hekta za ardhioevu ya Bonde la Kilombero, ambalo mji wake mkubwa ni Ifakara. Eneo hilo, makazi ya sheshe na ya ndege mnana wa Kilombero, liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu mwaka 2002.

Tarakimu yake ya mwisho ni 5, hivyo inagawanyika kwa 5 na kutoa 159,347. Hapo mgawanyo unakwama. Jaribu namba tasa zote 78 zilizo chini ya 400: hakuna hata moja inayoigawa 159,347 bila baki, kwa hiyo nayo ni tasa. Vigawo vya 796,735 basi ni vinne tu: 1, 5, 159,347 na yenyewe. Kwa hekta kamili, bonde hili lenye mito mingi lingegawanywa sawasawa kwa watu watano, lakini si kwa wawili, watatu wala kumi.

Kipeuo chake cha pili ni takriban 892.6. Mraba wenye upande wa kilomita 89.26 ungelitosha bonde zima.

Ikigawanywa kwa 4 hubaki 3. Kipeo cha pili cha namba nzima yoyote, kikigawanywa kwa 4, hubakiza 0 au 1. Viwili vikijumlishwa, baki haiwezi kuwa 3. Kwa hiyo 796,735 kamwe si jumla ya vipeo viwili vya pili.

Jumla ya tarakimu zake ni 37, namba tasa.