Kipara hakikuanza leo: historia fupi ya dawa za nywele za wanaume

Wenzangu, kati yetu kuna vijana wa miaka 25 ambao paji la uso limeanza kupanda juu. Wanavaa kofia hata kwenye jua kali, na feza kidogo ya mwezi inaishia kwenye vichupa vya barabarani vyenye picha ya kichwa mbele na nyuma ya dawa. Mbele ya kununua kingine, tuangalie historia, juu yenyewe inatuonyesha nini kinasaidia na nini ni bure.

Tuanzie Misri. Papirusi ya Ebers, maandishi ya uganga ya karibu mwaka 1550 mbele ya Yesu, inashauri kupaka kichwani mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka na nyoka. Ni kusema biashara ya mafuta ya kipara iko na miaka zaidi ya 3500, na watu wangali wanainunua.

Wagiriki njo waligusa ukweli kwanza. Katika maandishi ya Hippocrates kuna neno fupi: wanaume waliohasiwa hawapati kipara. Sisi tuliosoma kilimo hatushangai. Ukimhasi ng'ombe dume, mwili wake wote unabadilika: shingo, misuli, hata tabia. Lakini neno lile lilikaa zaidi ya miaka 2000 bila jibu.

Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alileta jibu. Alichunguza wanaume waliohasiwa mbele ya kubalehe: hawakuwa na kipara. Walipopewa homoni ya kiume, testosteroni, wale wenye kipara katika jamaa walianza kupoteza nywele. Basi vitu viwili vinahitajika pamoja: homoni na urithi. Haiko uchawi wa jirani.

Hatua ingine ilitoka kwenye kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 munganga Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika juu ya watoto waliolelewa kama wasichana, kisha wakati wa kubalehe mwili ukageuka wa kiume. Walikosa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, DHT. Walipokuwa wakubwa, prostati yao ilibaki ndogo, na nywele za mbele hazikurudi nyuma. Kutoka hapo kampuni ya Merck ilitengeneza finasteridi, inayozuia kimeng'enya kile. Marekani iliikubali mwaka 1992 kwa prostati (miligramu 5), na 1997 kwa kipara (miligramu 1).

Minoksidili yenyewe ilitokea bila kutafutwa. Ilikuwa kidonge cha kushusha tansio. Wagonjwa wakaanza kuota nywele mwilini. Mwaka 1988 Marekani ikakubali ile ya kupaka kichwani.

Na kupandikiza? Munganga Norman Orentreich wa New York aliandika mwaka 1959 kwamba nywele za kisogo, ukizihamisha mbele, zinabaki na tabia ya kisogo: hazianguki kwa urahisi. Ni sawa na kijiti cha muhogo: ukikipanda shamba lingine, aina inabaki ile ile.

Sasa, historia hii inatufundisha nini? Kwanza, finasteridi na minoksidili zinasaidia wengi, sio wote, na ukiacha, nywele zilizookolewa zinaanguka tena. Kwa hiyo, mbele ya kuanza, piga hesabu ya miaka, sio ya chupa moja. Pili, dawa yenye kugusa homoni haiko mafuta ya kujipaka tu: finasteridi inaweza kupunguza hamu ya ndoa kwa wanaume wengine, na mwanamke mwenye mimba hapaswi kugusa kidonge chake kilichovunjika. Tatu, sio kila nywele inayoanguka ni kipara cha urithi. Ukiona viduara, magamba ao kuwashwa, inaweza kuwa choa ao ugonjwa mwingine, na dawa yake ni tofauti kabisa. Enda kwa munganga kwanza.

Na mwenye kuamua kunyoa yote, anyoe kwa amani: kipara cha urithi hakiuwi mtu. Ila chupa isiyoandikwa kilicho ndani, ndugu, hiyo uiache kwa muuzaji. Miaka 3500 ya mafuta ya mamba inatosha.