Ufundi Bila Soko
Misheni ya Waskoti ya Tumutumu, Nyeri, Kenya, iliyoanzishwa 1908, ilifundisha useremala na uashi pamoja na kusoma. Lakini ujuzi haukutosha: serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kupata mtaji kwa kulima kahawa kwa uhuru hadi miaka ya 1950. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulilifufua wazo la kufundisha ufundi shuleni, ukitarajia kijana ajiajiri kwa biashara yake amalizapo shule. Wapo wasemao biashara haifundishwi darasani, kwani wachuuzi wa soko la Karatina, Nyeri, hawakuisomea. Kweli, ila uchuuzi nao una walimu wake: wazazi na jamaa sokoni. Asiye nao ahitaji shule. Kosa la kihistoria si kufundisha biashara, bali kuifundisha huku milango ya mtaji na soko imefungwa.