Kila Kitu Kijani, Lakini Mteja Analia

Kila wiki kuna mtu ananiandikia: "Buda, nataka kuingia SRE. Nianze na Prometheus ama Grafana?" Wengi ni wa rika langu. Wengine wako chuo, wengine walitoka kama mimi. Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu huwa nawaambia waanze na historia.

Kila zana ya kupima mifumo ilizaliwa siku mtu fulani alikwama na swali. Ukilijua swali, zana utaielewa haraka. Usipolijua, utachora grafu 40 za rangi zote, na siku mfumo ukianguka utabaki kuzitazama tu.

Kwa wageni hapa, SRE ni kazi ya wahandisi wanaohakikisha huduma za mtandaoni zinategemeka usiku na mchana. Mtu hawezi kutunza kitu asichokiona, ndio maana kazi hii huanzia kwenye ufuatiliaji na vipimo.

Sasa twende Denmark. Kabla ya seva kulikuwa na simu, na mwaka 1908 kampuni ya simu ya Copenhagen iliajiri mtaalamu wa hesabu anayeitwa A. K. Erlang. Swali lilikuwa la pesa kabisa: tuweke laini ngapi? Ukiweka chache, watu watapiga na kukosa. Ukiweka nyingi, pesa zinalala bure. Mwaka 1909 Erlang alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba simu huingia kiholela, lakini uholela huo una mpangilio unaoweza kupigiwa hesabu. Mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria nafasi ya mpigaji kukosa laini. Hadi leo kipimo cha mzigo wa simu kinaitwa erlang: laini moja ikishikiliwa saa nzima bila kupumua, hiyo ni erlang 1.

Angalia vizuri alichohesabu huyo mzee. Nafasi ya mpigaji kukosa laini. Alimweka mtu aliyeshika simu katikati ya hesabu yake. Kumbuka hilo, kwa sababu sisi wa kompyuta tulikuja kulisahau kwa miaka mingi.

Hadithi ya pili haina intaneti ndani yake, lakini kila mtu wa SRE anafaa kuijua. Tarehe 28 Machi 1979, alfajiri, kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Pennsylvania, Marekani, kilipata hitilafu. Vali moja ya kupunguza presha ilifunguka na ikakataa kufunga, na maji ya kupooza kinu yakawa yanatoka. Kwenye chumba cha udhibiti kulikuwa na taa ya vali hiyo. Taa ikaonyesha mambo yako sawa.

Kumbe taa ile haikuwa imeunganishwa na vali yenyewe. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Kama vali ilitii ama haikutii, taa haikujua. Wafanyakazi waliiamini, na vali ikakaa wazi zaidi ya saa mbili. Wakati huohuo, kengele zaidi ya 100 zililia ndani ya dakika chache za kwanza, za maana na za upuzi zote kwa sauti moja. Karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Hapo kuna masomo mawili ambayo bado tunayarudia kila siku. Kwanza, kupima amri si kupima matokeo. Programu yako ikiandika "SMS imetumwa", hiyo ni taa ya Three Mile Island. Je, SMS ilifika? Pili, kengele zikilia zote pamoja, hakuna hata moja inayosikika.

Turudi kwenye kompyuta. Desemba 1983, Mike Muuss, aliyekuwa kwenye maabara ya jeshi la Marekani, aliandika programu ndogo akaiita ping, jina la ule mlio wa sona unaotafuta nyambizi majini. Swali la ping ni moja: uko hai? Mashine inajibu, basi. Ni swali zuri, ila mtu anaweza kuwa hai na bado yuko hoi kitandani.

Mwaka 1995, Tobias Oetiker alikuwa De Montfort University kule Leicester, Uingereza. Chuo kizima kilikuwa na laini moja ya intaneti ya kilobiti 64 kwa sekunde. Piga hesabu: picha moja ya simu yako, tuseme megabaiti 4, ingechukua zaidi ya dakika nane kupita hapo, hata kama hakuna mtu mwingine anayetumia. Kila mtu alitaka kujua laini imejaa ama vipi. Oetiker akaandika MRTG, programu iliyochora grafu ya matumizi ya laini na kuiweka kwenye ukurasa wa wavuti, ikijisasisha kila dakika tano. Ghafla mtandao ukawa na historia inayoonekana. Ungeweza kusema, "Jana saa nne asubuhi ilijaa, na juzi pia."

Mwaka 1999 Ethan Galstad akatoa NetSaint, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Nagios. Hii ndiyo iliwapa watu ile tabia ya rangi: kijani sawa, njano angalia, nyekundu amka. Diski imejaa asilimia 90? Nyekundu. Prosesa iko juu? Nyekundu. Peja inalia saa tisa usiku.

Ona vile tumefika mbali na Erlang. Yeye aliuliza kuhusu mpigaji. Sisi tukawa tunauliza kuhusu diski.

Na hapa kwetu tunalipa bei ya hilo kosa. Kuna duka moja la mtandaoni, sitalitaja, lilinikata pesa na oda haikuonekana popote. Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja, kwa upole kabisa, akaniambia, "Samahani kaka, lakini mfumo wetu uko sawa." Sidhani alikuwa ananidanganya. Pengine kwenye skrini zao kila kitu kilikuwa kijani. Seva zilikuwa hai na diski zilikuwa na nafasi, lakini hakukuwa na mtu anayehesabu oda zilizolipiwa zisizofika. Mimi nilipoteza siku moja tu. Mama anayeuza mitumba, akitegemea malipo yaingie ndio akachukue belo nyingine, anapoteza zaidi.

Hata wastani hudanganya. Chukua watu 100 wanaofungua programu yako. Watu 99 wanahudumiwa kwa sekunde 0.1, na mmoja anangoja sekunde 10. Wastani ni kama sekunde 0.2. Kwenye grafu unaonekana shujaa. Yule mmoja ameshafuta programu yako. Ndio maana wahandisi wazoefu huuliza asilimia ya juu ya wanaongoja zaidi inapitia nini, wastani wanauacha pembeni.

Mabadiliko makubwa yalianza Google mwaka 2003, Ben Treynor alipopewa timu ya wahandisi saba kuendesha mifumo. Yeye alikuwa mwandishi wa programu, kwa hivyo aliishughulikia kazi ya kulinda mifumo kama tatizo la programu. Hapo ndipo jina SRE lilipotoka. Kati ya mawazo yao, ninalolipenda zaidi ni bajeti ya makosa.

Liko hivi. Kubalianeni kwamba huduma ifanye kazi asilimia 99.9 ya wakati. Kwa siku 30, hiyo inakuacha na dakika 43 hivi za kuharibika. Hizo ndizo bajeti yako. Zikiwa zimebaki, timu itoe vitu vipya bila woga. Zikiisha, simamisha vitu vipya, rekebisheni nyumba kwanza. Ule ugomvi wa kila siku kati ya wanaotaka kasi na wanaotaka utulivu unaamuliwa na namba mliyokubaliana mapema, na namba hiyo inatoka kwa mteja.

Kitabu chao kilitoka mwaka 2016, na kinasomwa bure mtandaoni. Ukiwa na bando, huna kisingizio. Kinashauri kwamba kama unaweza kupima vitu vinne tu, pima hivi: muda ambao mtu anangoja, wingi wa maombi yanayoingia, idadi ya yanayofeli, na mfumo umejaa kiasi gani. Vitatu vya kwanza ni vitu anavyovisikia mteja ama anavyovileta yeye. Erlang angetabasamu.

Prometheus nayo ilianza mwaka 2012 SoundCloud, Berlin, kwa mkono wa Matt Proud na Julius Volz, ambao walikuwa wametoka Google. Ndani ya Google walizoea mfumo wa kupima ulioitwa Borgmon, na huko nje hawakupata kinachofanana nao. Prometheus huzunguka yenyewe ikichukua vipimo kwa kila huduma, na kila kipimo hubeba lebo, kwa hivyo unaweza kuuliza: makosa ni mangapi, ya malipo tu, kwenye toleo jipya tu? Ilitangazwa kwa umma Januari 2015. Grafana, ya Torkel Ödegaard, ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla yake, kuchora hizo namba zipendeze macho.

Lakini zana nzuri hazitoshi. Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu, saa moja kasoro jioni saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa karibu saa sita. Amri ya matengenezo ilikata mtandao wao wa ndani. Programu iliyofaa kuizuia amri hiyo ilikuwa na hitilafu. Seva za majina zilipoona zimetengwa, zikajiondoa kwenye intaneti, kama zilivyoundwa kufanya. Na zile zana za ndani ambazo wahandisi wangetumia kuchunguza tatizo zilitegemea mtandao uleule uliokufa. Daktari alikuwa amelazwa wodi moja na mgonjwa.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Kabla ya kupakua chochote, chukua karatasi. Chagua huduma moja unayoijua, hata kama ni tovuti ya kanisa ama ya duka la mjomba. Andika: nani anaitumia? Anajuaje kwamba imefanya kazi? Nitajuaje kabla hajanipigia simu? Na kipimo changu kitaishi wapi huduma ikizima? Ukishajibu hayo manne, Prometheus ni kitu cha kusoma wikendi na chai.

Na kama tayari uko kazini, kesho ukiingia tafuta taa moja ya kijani kwenye dashibodi yenu uulize imeunganishwa na nini hasa: vali, ama amri?