Mfyatua Matofali na Ushahidi wa Majirani

Jina la mchawi halianzii mahakamani. Huanzia uani kwa jirani. Kwa watu wa Bariadi na wa Mkoa mzima wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, neno hili halihitaji kufafanuliwa. Ng'ombe hufa, mtoto huugua, mpiga ramli huulizwa, na kikongwe ambaye macho yake yamewiva kwa moshi wa jikoni hutajwa. Uchunguzi wa Serikali ulihesabu watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa shutuma za uchawi baina ya mwaka 1970 na 1984. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukuma, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Wengi wa hao hawakusomewa shtaka lolote. Basi, ili tuone jinsi neno la jirani linavyogeuka kuwa hukumu, yatupasa kumtazama mtu wa mbali ambaye ushahidi juu yake uliandikwa.

Hugh Parsons alikuwa mfyatua matofali katika kijiji cha Springfield, koloni la Massachusetts, huko Marekani. Hakuwa mganga wala mtu wa cheo. Alikuwa fundi mwenye ulimi mkali, ambaye kila nyumba ilimhitaji na kila nyumba iligombana naye juu ya malipo. Mwaka 1651 William Pynchon, mkuu wa kijiji, alianza kuandika maneno ya majirani. Kasisi Moxon alikuwa amebishana naye juu ya matofali ya dohani. Baadaye binti za kasisi wakashikwa na kifafa. Mwingine alimnyima maziwa, na maziwa ya ng'ombe wake yakabadilika rangi. Mke wake mwenyewe, Mary, alimshtaki.

Tukiyatenga maneno hayo mojamoja, twaona deni, ugomvi na msiba, mambo yasiyokosekana katika kijiji chochote. Yalipokusanywa pamoja yakaonekana kuwa ushahidi. Hofu haikuumba kisa kipya. Ilivisoma upya visa vya zamani.

Mwezi Mei 1652, mjini Boston, jopo la raia lilimwona Parsons ana hatia. Mahakimu hawakukubali; shauri likapelekwa mbele ya Baraza Kuu la koloni, nalo likamwachilia. Waliomwachilia waliamini kuwa wachawi wapo, lakini waliona kwamba yaliyothibitishwa hayatoshi kumwua mtu. Hata hivyo Parsons hakurudi Springfield. Aliokoa roho yake, akapoteza kwao.

Hapa ndipo fundi huyu anapotufundisha. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ingali sheria ya Tanzania, humwadhibu afanyaye uchawi, na pia amtajaye mwenziwe kuwa mchawi. Ni ngao, lakini huinuliwa baada ya jina kutamkwa. Na panga la usiku halingoji rufani. Parsons alipewa mwaka mzima baina ya kutajwa na kuhukumiwa. Bibi wa Usukuma mara nyingi hakupewa hata siku moja.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama uchawi upo au haupo. Ni hili: mtoto anapokufa, nani atakayekaa na wafiwa kabla hawajakwenda kwa mpiga ramli kuuliza jina?