Nyuki wa Konza na siku za mwisho za viongozi wetu

Anayesafiri kwa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi huikata kaunti ya Makueni kwa urefu: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, kisha Salama. Mbele kidogo, mpakani na Machakos, ndipo Konza. Wengine wapajua kwa mji mpya wa teknolojia. Kwetu watu wa Pwani, Konza ni jina la msiba.

Tarehe 12 Desemba 1972, sikukuu ya Jamhuri, Ronald Ngala alipata ajali ya gari hapo. Ngala alikuwa rais wa chama cha KADU tangu 1960 hadi kilipovunjwa 1964, mtetezi mkubwa wa majimbo, na siku ile alikuwa waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Alifariki hospitalini Nairobi tarehe 25 Desemba. Baina ya ajali na mauti zilipita siku 13, na maelezo yaliyobaki vinywani mwa watu ni mamoja tu: nyuki waliingia garini. Mimi nilizaliwa baada ya msiba ule, lakini nimekua nikisikia nyuki wakitajwa kwa kejeli kila mkubwa anapokufa ghafla. Simtuhumu mtu. Nasema kwamba maelezo yasipowatosha watu, watu hujitungia yao.

Ndugu zetu wa Ukambani wayajua haya. Kitili Mwendwa wa Kitui, Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alijiuzulu 1971 na akafa kwa ajali ya barabarani 1985. Mutula Kilonzo, seneta wa kwanza wa Makueni, alikutwa amefariki nyumbani kwake Maanzoni tarehe 27 Aprili 2013, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa. Kabla uchunguzi wa maiti haujatoa jibu, uvumi wa sumu ulikuwa umeshafika hadi vibarazani kwetu. Julai mwaka huo huo mwanawe, Mutula Kilonzo Junior, alichaguliwa kushika kiti hicho. Kura ilipata jibu mapema kuliko swali la kifo.

Na tusisahau kwamba Mzee Kenyatta mwenyewe alifia hapa kwetu, Ikulu ya Mombasa, tarehe 22 Agosti 1978. Miaka miwili kabla, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alikuwa ameonya kwamba hata kuwaza kifo cha rais ni kosa la jinai. Nchi ilikatazwa kulisema jambo ambalo kila kiumbe litamfika.

Marekani nao hawakuanza na uwazi. Rais Woodrow Wilson alipopatwa na kiharusi mwaka 1919, wananchi walifichwa ukubwa wa maradhi yake. Lakini tazama marais wao wastaafu wa karibuni. Ronald Reagan aliwaandikia wananchi barua kwa mkono wake, Novemba 1994, akawaambia ana maradhi ya Alzheimer yanayokula kumbukumbu. Alifariki Juni 2004. Jimmy Carter, Februari 2023, alitangaza kwamba ameacha kwenda hospitali na atatunzwa nyumbani kwake Plains, Georgia. Alifariki tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100. Watu waliomboleza, wala hawakubaki wakiulizana nani kamuua.

Sisi Waislamu twafunzwa kumtaja maiti kwa kheri na kusitiri aibu zake. Hilo silipingi. Lakini kumsitiri mtu si kuficha chanzo cha kifo cha aliyebeba kura za maelfu. Uvumi ndio unaomvunjia heshima marehemu, tena humwekea shubuha jirani asiye na hatia, na huwatia watu wa kabila moja chuki na wa jingine.

Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya kuchunguza vifo vya ghafla na vya kutatanisha. Swali la kuwauliza wanaokuja kutuomba kura, Makueni, Kitui na Pwani, ni hili: huduma hiyo inafanya kazi kwa kiasi gani, na ripoti zake mwananchi atazisoma wapi? Kiongozi akifa, familia ipewe nafasi ya kuzika na kulia. Kisha taifa lipewe ukweli, kwa maandishi na kwa wakati.

Zaidi ya miaka 50 imepita, na Pwani bado yataja nyuki.