Kabla ya kuukwea Mlima Kenya, kagua soli ya kiatu chako

WENGI wanaopania kuukwea Mlima Kenya hujiwekea akiba kwa miezi kadhaa, wakapanga likizo, wakatafuta kiongozi wa safari na kukodi hema, kisha viatu wakavinunua kwa nusu saa siku ya mwisho. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Koti lisipotosha kwa baridi, mtu huweza kuazima blanketi. Hema likivuja, kuna vibanda vya kulala njiani. Lakini kiatu kikivuka soli kwenye mawe yaliyo zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, hakuna duka wala fundi, na mwendo wa kurudi langoni huweza kuwa wa siku nzima.

Kiatu tunachokizungumzia ni lile buti lenye shingo inayofunika kifundo cha mguu na soli nene yenye meno. Katika milima ya Ulaya limekuwa kiatu cha wawindaji, na maduka ya ng'ambo yangali yanaliuza kwa jina hilo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka wa 1977, hivyo huku kwetu wavaaji wake ni wakwea milima, viongozi wao, wapagazi na askari wa wanyamapori wanaopiga doria misituni kung'oa mitego. Kazi ya kiatu hata hivyo ni ile ile: kumhimili mtu na mzigo wake kwenye miteremko, mawe, tope na baridi, siku baada ya siku.

Soli ya mpira yenye meno ina historia ya huzuni. Zamani wakwea milima walivaa viatu vilivyogongelewa misumari chini. Mwaka wa 1935, Waitaliano sita waliangamia kwa baridi katika mlima wa Punta Rasica. Mwenzao, Vitale Bramani, aliamini kuwa viatu vyao havikuwafaa katika hali ile, akajitosa kubuni soli ya mpira itakayoshika mwamba na theluji vilevile. Mnamo 1937 soli hiyo ilikuwa tayari, naye akaiita Vibram kwa kuunganisha majina yake mawili. Waitaliano waliofika kileleni mwa K2 kwa mara ya kwanza, mwaka wa 1954, walikuwa wameivaa. Ile nembo ya manjano yenye pembe nane ambayo msomaji huenda ameiona chini ya mabuti ya mitumba katika soko la Gikomba au Toi ndiyo hiyo.

Nembo hiyo ndiyo huwapumbaza wanunuzi wengi. Mchuuzi hukigeuza kiatu, akaonyesha meno ya soli ambayo hayajalika hata kidogo, akaapa kwamba mwenyewe hakukivaa zaidi ya mara mbili. Huenda anasema kweli. Taabu ni kwamba hatari ya buti kuukuu haiko kwenye mpira wa chini unaoonekana, bali katika tabaka lililo baina ya mpira huo na ngozi. Tabaka hilo, ambalo hapa tutaliita soli ya kati, ndilo linalopunguza mshtuko wa kila hatua, na katika mabuti mengi ya mlimani limetengenezwa kwa poliurethani.

Poliurethani ni nyepesi na hustahimili uzito mwingi bila kubonyea. Kasoro yake ni kwamba maji, hata yale yaliyo katika mvuke wa hewa, huivunjavunja polepole, kitendo ambacho wanakemia hukiita hidrolisisi. Joto na unyevu huharakisha jambo hili. Kiatu kisichovaliwa hakisalimiki. Kinazeeka kikiwa ndani ya kabati, ghalani, au katika robota la mitumba lililovuka bahari. Baada ya miaka kadhaa soli ya kati huwa kama mkate uliokauka: kwa nje ingali nzima, lakini ikibebeshwa uzito mara elfu kadhaa hupasuka, ikasagika, na mpira wa chini ukabanduka wote kwa pamoja. Mara nyingi soli ya mguu wa pili huifuata ya kwanza baada ya saa chache, maana zote zina umri mmoja.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza mchuuzi, au la kujiuliza mwenyewe, si kiatu kimevaliwa mara ngapi bali kimetengenezwa lini. Watengenezaji wengi huchapisha mwezi na mwaka kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ulimi wa kiatu. Kisipokuwepo, tumia ukucha. Bonyeza ubavu wa soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba. Ikiwa nzima hubonyea kidogo na kurudi. Ikitoa ungaunga, ikinata, au ikiacha ufa, rudisha kiatu mezani bila kuuliza bei. Kisha ukikunje kiatu kwa nguvu mara ishirini hivi huku ukitazama maungio ya soli na ngozi. Mchuuzi atakunja uso, mwache akunje.

Wapo wanaodhani gundi itatibu maradhi haya. Gundi hushikamanisha vitu viwili vilivyo vizima, nayo soli iliyooza haina pa kushikwa. Fundi hodari anaweza kuiondoa yote, akaweka nyingine mpya na kuishona, na kazi hiyo ina thamani ikiwa ngozi ya juu ni njema. Anayeombwa "kupaka kidogo tu" hulipwa bure. Mabuti ya kizamani ambayo soli yake imeshonwa kwenye ukingo wa ngozi ndiyo rahisi zaidi kufanyiwa matengenezo haya, na mwenye kuyapata yakimkaa vyema asiyaachie.

Tukija kwenye ngozi, iliyo bora ni ile ya tabaka la juu la ngozi ya ng'ombe ambayo haikukwanguliwa. Vinyweleo vyake huonekana ukiitazama kwa karibu. Ngozi hafifu hukwanguliwa na kupakwa rangi nzito ing'are. Ukiikunja, rangi hufanya mistari midogo kama tope lililokauka. Hesabu mishono pia. Kila mshono ni njia ya maji na mahali pa kukatikia uzi, kwa hivyo kiatu chenye vipande vichache vya ngozi hudumu kuliko chenye viraka vingi vya rangi rangi. Ukanda wa mpira unaozunguka kiatu juu ya soli si pambo. Huikinga ngozi dhidi ya mawe makali, na katika njia za mlima wetu mawe hayo ni tele.

Mabuti mengi ya siku hizi huwa na utando wa ndani wa kuzuia maji, kama ule wa Gore-Tex. Ukiwa mpya ni msaada mkubwa. Ila una pande mbili: maji yakiingia kwa juu, kiatu huchukua muda mrefu kukauka, na utando ukitoboka kwa uzee hakuna fundi wa kuuziba. Anayenunua mtumba asilipe ziada kwa ajili ya maandishi hayo.

Sasa ukubwa, jambo ambalo ndilo huamua iwapo safari itakuwa furaha au adhabu. Namba pekee haitoshi. Kwa wanaume, namba 42 ya Ulaya hukaribia 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani, lakini kila kiwanda kina kalibu yake. Nenda dukani au sokoni alasiri, wakati miguu imevimba kidogo kama itakavyovimba mlimani, na ubebe soksi zile zile nzito utakazovaa. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Pima yote miwili na ununue kwa kufuata ulio mkubwa.

Ingiza mguu bila kufunga kamba, uusukume mbele hadi vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kutosha kidole kimoja cha mkono. Kisha piga kisigino chini kikae nyuma kabisa, funga kamba, na utembee. Kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu, kwani huko ndiko malengelenge hutokea. Vidole viweze kuchezacheza. Tafuta ngazi au mteremko, simama ukielekea chini: vidole vikigonga mbele hapo sokoni, utakaporejea kutoka Lenana utapoteza kucha.

Kiatu kinachobana kina hatari nyingine isiyofikiriwa sana na wakazi wa nchi ya joto. Wanaoelekea kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, huanza mwendo saa kadhaa kabla ya alfajiri, wakati maji ya chupani yanaweza kuganda. Mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha, na mguu usio na damu haupati joto. Wengine huvaa soksi tatu wakidhani wanajikinga, kumbe wanazidi kuubana. Soksi moja nzito ya sufu ndani ya kiatu chenye nafasi hushinda tatu za pamba, kwani pamba hunyonya jasho na kukaa nalo.

Je, buti liwe gumu kiasi gani? Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ulisokote kama unayekamua nguo. Likisokoteka kwa urahisi litakuchosha juu ya mawe, kwani kila jiwe utalihisi katika wayo. Lisipokunjika hata kidogo, hilo ni la wapandao barafu na miamba kwa kamba, wanaoelekea Batian na Nelion. Mpanda Lenana wa kawaida halihitaji. Aidha, uzito uzingatiwe: tafiti za jeshi la Marekani zilionyesha kuwa kilo moja iliyo mguuni humtoa mtu nguvu za mara nne hadi sita kuliko kilo hiyo ikiwa mgongoni. Buti zito kupita kiasi si ishara ya uimara.

Njia utakayoifuata nayo ina neno lake. Sirimon ni kavu kwa kiasi, na buti la wastani hutosha. Naro Moru ina kinamasi mashuhuri cha mteremkoni baina ya kituo cha mita 3,050 hivi na bonde la Teleki, na hapo hata ngozi bora hulowa. Ndiyo maana utawaona viongozi na wapagazi wazoefu wakivuka hapo kwa gambuti za mpira, huku wageni wenye viatu vya maelfu ya pesa wakizama hadi magotini. Kule Rwenzori nchini Uganda, gambuti ndizo kiatu cha kawaida cha safari kwa sababu hiyo hiyo. Hata hivyo gambuti haishiki kifundo cha mguu wala haikai imara kwenye changarawe, kwa hivyo anayeitumia abebe na buti lake la kubadilisha.

Kiatu kikishapatikana, kivaliwe wiki kadhaa kabla ya safari, kwanza nyumbani, kisha katika milima ya Ngong au msitu wa Karura ukiwa na mzigo mgongoni. Mtumba ulionunuliwa upitie jaribio hilo bila kusamehewa, maana soli mbovu ikivukia Ngong hasara ni nauli ya matatu tu. Mlimani ukiwa na utepe imara wa kunata na kipande cha kamba, unaweza kuifunga soli iliyobanduka ikakufikisha kambini.

Kiatu kilicholowa kisiwekwe karibu na moto. Ngozi hupasuka na gundi huyeyuka. Toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, na uzibadilishe kila zinapolowa. Gazeti la jana halina kazi bora kuliko hiyo.

Limebaki suala la wapagazi. Ni desturi njema kwa wageni kuwaachia mabuti yao mwishoni mwa safari, na mjini Moshi, chini ya Kilimanjaro, lipo shirika la kuwasaidia wapagazi linalowaazima mavazi na viatu bila malipo. Lakini mara nyingi kinachotolewa ni buti lililokaa kabatini Ulaya miaka kumi, likavaliwa juma moja, kisha likakabidhiwa mtu atakayepanda nalo mara nyingi kwa mwaka akiwa na mzigo wa wengine. Anayetoa na anayepokea wote wawili watumie ukucha kwanza. Likitoa unga, apewe fundi alitie soli mpya, na gharama hiyo ilipwe na mtoaji.